Kichaka cha maua kwenye chungu kimegoma: anza na udongo kabla ya dawa

Bogenvilia ikianza kupukutisha majani barazani, wengi hukimbilia duka la pembejeo kuulizia dawa. Muuzaji, ambaye hajauona mmea wenyewe, naye atatoa chupa. Nimeona vyungu vingi vikipuliziwa sumu wiki hadi wiki huku mmea ukizidi kudhoofika kwa sababu ambayo dawa haiwezi kuigusa: tundu la chini limeziba, maji ya kisima yana chokaa, au jua linapiga hapo kwa muda mfupi tu asubuhi. Mmea wa shambani ukikosa kitu upande mmoja hupeleka mizizi upande mwingine. Wa kwenye chungu hauna pa kwenda. Una lita 15 au 20 za udongo, na kila kosa linalofanyika humo linabaki humo humo.

Nitazungumzia vichaka vifupi vya maua ambavyo watu wa pwani na miji ya joto hupanda kwenye ndoo, vyungu na viwanja vidogo: bogenvilia, haibiskasi, iksora, yasmini, na adeniamu, yaani waridi la jangwani. Wenzetu wa Nairobi, Arusha na Lushoto wenye haidrenjia nitawagusia panapowahusu.

Ukaguzi wa kwanza, kabla ya kutaja ugonjwa wowote

Inua chungu. Ukishazoea uzito wake kikiwa kimelowa na kikiwa kikavu, hutahitaji kipimo kingine. Kama ni kizito mno, chimba kidole hadi kifundo cha pili, kwa sababu juu panaweza kuwa pakavu na chini pana tope. Halafu angalia ni majani gani yameathirika: ya chini yaliyozeeka, au machanga ya kwenye ncha? Swali hili moja litakuokolea pesa nyingi za mbolea, na nitalirudia.

Ukiwa bado huna jibu, toa mmea kwenye chungu utazame mizizi. Kilaze chungu ubavu, kigonge kingo zake kwa kiganja, kisha vuta taratibu ukiwa umeshika shina karibu na udongo. Mzizi mzima ni mweupe au wa rangi ya krimu na ni mgumu. Uliooza ni wa kahawia au mweusi, na ukiubana kati ya vidole viwili ganda la nje linachubuka na kukuachia uzi mwembamba mkononi. Harufu nayo haifichiki. Udongo mzima hunukia mvua, uliooza una uvundo. Ila bogenvilia iguse kwa uangalifu wa pekee. Mizizi yake ni laini sana, na bonge la udongo likivunjika mmea unaweza kufa hata kama ulikuwa hauna tatizo kubwa.

Majani yamelegea ilhali udongo umelowa

Hili ndilo linaloua vichaka vingi kuliko wadudu wote kwa pamoja, kwa sababu mmea unaozama na mmea wenye kiu hufanana. Yote miwili hulegeza majani. Mwenye mmea akiona hivyo anaongeza maji, na mizizi ambayo tayari ilikuwa haipati hewa inamalizika kuoza. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, adeniamu hufa kwa wingi kwa namna hii: kitako chake kinene kinaanza kubonyea ukikigusa, na ngozi inabadilika rangi. Mmea huu asili yake ni maeneo makavu ya Afrika Mashariki, ukanda wa Saheli na Uarabuni. Kunyeshewa mvua miezi mitatu mfululizo hauwezi. Usogeze chini ya paa kabla mvua hazijashika.

Chunguza matundu. Ndoo ya rangi ya lita 20 inahitaji matundu matano au sita ya upana wa kidole kidogo, tena mengine ubavuni karibu na kitako, ili yasizibwe na sakafu. Iinue kutoka sakafuni kwa vipande vya tofali au vigae.

Sasa suala la kokoto. Karibu kila mtu amefundishwa kuweka kokoto chini ya chungu "ili maji yapite". Kwa kweli zinafanya kinyume. Maji hayatoki kwa urahisi kwenye udongo laini kuingia kwenye kokoto zenye nafasi kubwa. Yanasimama juu yake mpaka udongo ushibe kabisa. Matokeo yake ni kwamba tope linapanda juu zaidi, karibu na mizizi. Weka kipande kimoja cha kigae au wavu juu ya tundu ili udongo usitoke, basi. Kinachopitisha maji ni mchanganyiko wenyewe: udongo wa juu uliochekechwa sehemu mbili, mboji iliyoiva sehemu moja, na mchanga wenye chembe kubwa wa mtoni au maganda ya mpunga sehemu moja. Kama udongo wa kwenu ni ule mweusi unaopasuka kiangazi, usiutumie kabisa. Adeniamu ipewe mchanga mkubwa nusu nzima. Mchanga wa ufukweni uache ulipo, kwa maana una chumvi na vipande vya makombe, ambavyo ni chokaa.

Ukikuta mizizi imeoza, kata iliyoharibika kwa wembe safi mpaka ufike penye rangi nzima, punguza matawi kwa kiasi kile kile, badilisha udongo, kisha weka kivulini penye mwanga. Adeniamu iache siku kadhaa nje ya udongo hadi kidonda kikauke ndipo uipande tena. Vaa glavu, kwani utomvu wake mweupe ni sumu. Zamani ulitumika kwenye mishale ya wawindaji. Watoto na mbuzi wasiufikie.

Na sahani ya chini ya chungu, imwage. Mbu wa Aedes, yule mwenye madoadoa meupe anayeuma mchana, hutaga kwenye vijisahani hivyo. Dar es Salaam ilikumbwa na mlipuko wa homa ya dengi mwaka 2014, ikarudi tena 2019. Maua hayastahili kuwa chanzo cha ugonjwa nyumbani mwako wala kwa jirani.

Majani yamekuwa ya njano

Hapa lile swali la jani kuukuu au jani changa ndilo linaloamua.

Njano ikianzia kwenye majani ya chini, ikaenea jani zima, mmea una njaa ya naitrojeni. Katika chungu hili ni jambo la kawaida tu, maana kila unapomwagilia mbolea kidogo inatoka na maji. Mboji au NPK 17:17:17 (mbolea yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa kiasi sawa) kidogo, nusu kijiko cha chai kwa chungu cha lita 20 mara moja kwa mwezi, itatosha. Njano ikianzia kwenye majani ya chini lakini ikikaa kati ya mishipa na kuacha sehemu ya kijani katikati ya jani, hapo kinachopungua ni magnesi. Chumvi ya Epsom, kijiko kimoja cha chai kwenye lita moja ya maji, itamwagiliwa au kupuliziwa.

Lakini njano ikianzia juu, majani machanga yakawa meupe-njano huku mishipa imebaki kijani kama ramani ya mito, hiyo ni njaa ya madini ya chuma, na pwani ndiyo kesi ya kila siku. Iksora ndiyo inayoumia kuliko wote, kisha haibiskasi. Ajabu ni kwamba mara nyingi chuma kimo kwenye udongo tele. Udongo wenye chokaa hukifunga mizizi isiweze kukichukua. Iksora inataka udongo wenye uchachu, pH (kipimo cha uchachu) kati ya 5 na 6, wakati Unguja, Mombasa na sehemu kubwa ya mwambao tunakaa juu ya mawe ya matumbawe, ambayo ni chokaa tupu, na maji ya visima vyetu yamepitia humo.

Jaribu hivi. Chukua udongo mkavu kijiko kimoja, weka kwenye kisosi, dondoshea siki nyeupe. Ukichemka na kutoa povu, chokaa imo. Usipochemka haimaanishi uko salama kabisa, ila angalau haijajaa.

Kisha tafuta chokaa inaingilia wapi. Chungu cha saruji kipya hutoa chokaa kwa muda mrefu. Kijaze maji, uyabadilishe kila siku mbili tatu kwa wiki kadhaa, au upake rangi ya kuzuia maji kwa ndani kabla ya kupanda. Kichaka kilichopandwa kwenye kitalu chembamba kando ya ukuta kinakula mabaki ya plasta yaliyozikwa na mafundi. Halafu kuna majivu. Watu wengi humwaga majivu ya jikoni kwenye vyungu kufukuza wadudu, na kwa mboga fulani si vibaya, lakini majivu yanafanya kazi ile ile ya chokaa. Kwa iksora ni kuizidishia maradhi. Kama una jivu na kichaka cha njano, acha jivu kwanza ndipo uwaze mengine.

Tiba ya haraka ni mbolea ya chuma, na soma lebo: ile ya aina ya EDDHA inafanya kazi hata penye chokaa, wakati ile ya EDTA huishiwa nguvu hapo. Majani mapya yatatoka ya kijani. Yale ya zamani yasikusumbue. Tiba ya kudumu ni salfa ya unga kidogo kwenye udongo, ile ile wanayopulizia mikorosho kusini kuzuia ubwiri unga. Huchukua wiki nyingi kwa sababu ni vijidudu vya udongoni vinavyoigeuza kuwa tindikali. Na kinga kubwa kuliko zote ni pipa chini ya mfereji wa paa. Maji ya mvua hayana chokaa, kwa hiyo yaweke kwa ajili ya iksora, bogenvilia inywe ya kisima.

Kwa wenye haidrenjia nyanda za juu, chokaa hiyo hiyo ndiyo inayogeuza maua ya bluu kuwa ya waridi. Mmea hauumwi.

Majani kibao, ua hata moja hakuna

Kwanza jua. Bogenvilia, yasmini na iksora zinataka jua la moja kwa moja muda wa saa sita kwa siku au zaidi. Mwanga wa barazani tunaouona ni mkali kwa macho yetu tu. Mmea unaoona anga upande mmoja haupati nusu ya unachohitaji. Fuatilia siku moja kivuli cha ghorofa jirani kinavyotembea kabla hujalaumu mbolea. Kumbuka pia kwamba jua linahama: baraza iliyotazama kusini inapata jua Desemba na kulikosa Juni.

Pili, mbolea. Ukiweka urea au samadi nyingi ya kuku, mmea unaona hauna sababu ya kuzaa, unajenga majani na matawi marefu. Acha naitrojeni, tumia yenye potasiamu zaidi. Na DAP, ambayo ina fosforasi nyingi (18:46:0), isitiwe kwenye haibiskasi kwa imani kwamba "inaleta maua". Haibiskasi haipendi fosforasi iliyolundikana; inazuia chuma na kukurudisha kwenye njano.

Tatu, mkasi. Bogenvilia, haibiskasi, iksora na yasmini huchanua kwenye tawi jipya. Tawi lililochanua ukiliacha linarefuka na kuwa mti mkavu. Maua yakiisha kata theluthi moja ya kila tawi, na chipukizi zikifika urefu wa kiganja ziminye ncha zigawanyike. Maua yatarudi baada ya mwezi mmoja na nusu au miwili. Hivyo ndivyo kichaka kinavyobaki kifupi na kimejaa kwenye nafasi ndogo. Hakuna dawa ya kufupisha inayoshinda mkasi. Haidrenjia ile ya kawaida yenye majani mapana ni kinyume: huandaa vitumba kwenye tawi la msimu uliopita, ukiikata vibaya umekata maua ya mwaka mzima. Ondoa vichwa vilivyonyauka tu.

Nne, kwa bogenvilia peke yake: chungu kikubwa mno na maji ya kila siku. Asili yake ni Amerika Kusini, na inachanua vizuri mizizi ikiwa imebanana na ikipata kiu. Subiri majani yaanze kulegea kidogo, mwagilia hadi maji yatoke chini, kisha acha tena. Wiki chache za utaratibu huo mara nyingi zinatosha kuleta rangi. Usithubutu kufanya hivyo kwa haibiskasi wala yasmini, maana ndipo unapoingia kwenye shida inayofuata.

Vitumba vinadondoka kabla ya kufunguka

Haibiskasi iliyokosa maji mchana mmoja wa Februari, wakati wa kaskazi, itaangusha vitumba kesho yake. Kama maji ni ya uhakika na bado vinaanguka, pasua kimoja kwa kucha juu ya karatasi nyeupe na upulizie pumzi. Ukiona vijidudu vyembamba vinavyokimbia, hao ni thiripi. Okota vitumba vyote vilivyoanguka, vifunge kwenye mfuko na kuvitupa mbali, usiviache juu ya udongo.

Ua la haibiskasi la kawaida hudumu siku moja tu. Yasmini nayo hufunguka jioni na kuanguka asubuhi. Ndiyo sababu mwambao huchuma vitumba alasiri, kabla havijafunguka, kwa ajili ya vikuba na mashada. Maua kukutwa chini asubuhi si ugonjwa.

Kingo za majani zimeungua rangi ya kahawia

Tazama juu ya udongo na mdomo wa chungu. Ukoko mweupe ni chumvi ya maji ya kisima au ya mbolea iliyozidi. Mimina maji mazuri kiasi cha mara mbili ya ujazo wa chungu, taratibu, yatoke yote chini. Penye maji ya chumvi rudia kila mwezi. Kama jani limeungua upande mmoja tu, ule unaotazama bahari, ni upepo: osha majani jioni na weka bogenvilia mbele, inavumilia kuliko wenzake.

Samadi mbichi nayo inaunguza. Na vyungu vyeusi vya plastiki kwenye sakafu ya saruji vinapata moto kiasi cha kudhuru mizizi ya upande wa magharibi. Udongo ukizidi nyuzi 38 hivi mizizi ya mimea mingi inaanza kuumia. Weka chungu ndani ya chungu kikubwa zaidi, au ukifunike kwa kiroba cheupe.

Sisimizi, unga mweupe na masizi

Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka shina, wafuate. Watakufikisha kwa wadudu wanaofyonza utomvu na kutoa maji matamu: vidung'ata wenye unga mweupe kwenye makwapa ya majani, vidukari kwenye ncha, au wadudu gamba mashinani. Yale masizi meusi juu ya majani ni kuvu inayoota kwenye maji hayo matamu. Wadudu wakiisha, inafutika kwa kitambaa. Sisimizi huwalinda wafyonzaji, kwa hiyo paka mafuta mazito kwenye kingo za chungu kuwazuia, siyo kwenye shina.

Vidung'ata wachache waguse mmoja mmoja kwa pamba yenye spiriti. Wakiwa wengi, changanya kijiko cha chai cha sabuni laini ya maji kwa lita moja, na mafuta ya mwarobaini kama lebo inavyosema, pulizia jioni chini ya majani, rudia baada ya siku tano hadi saba mara tatu. Mmea wenye kiu usipuliziwe. Kopo la dawa ya mbu au mende lisikaribie mmea, litaunguza majani. Ikiwa jirani ana mpapai wenye unga mweupe, ongea naye kwanza, kwa sababu kidung'ata wa mpapai aliyeingia Afrika Mashariki miaka ya 2010 anaipenda haibiskasi pia, na wewe kusafisha peke yako hakutafika mbali.

Majani yakiwa na vidoti vidogo kama vumbi na utando mwembamba chini, wakati wa kiangazi, ni utitiri mwekundu. Maji ya nguvu chini ya majani asubuhi yanawapunguza sana.

Mmea mpya kutoka kitaluni umebaki vijiti

Huu mara nyingi haufi, umeshtuka tu. Siku ya kununua uliza: "Kaka, huu ulikuwa juani au chini ya neti?" Wa chini ya neti uzoeshe jua la asubuhi kwa wiki mbili kabla ya kuuacha nje kutwa. Usibadilishe chungu siku hiyo hiyo. Ukifika wakati wa kupanda, chana kiriba, ule mfuko wa nailoni wa kitaluni, kwa wembe pembeni na chini, ushushe kila kitu shimoni, halafu uvute nailoni itoke. Wapo wanaopanda na kiriba chake. Mizizi inajizungusha humo, na baada ya mwaka mmea unakoma kukua bila sababu inayoonekana.

Kwangua gamba la tawi kwa kucha. Likiwa kijani chini yake, ngoja, mwagilia kidogo, usitie mbolea. Likiwa kavu la kahawia, kwangua chini zaidi mpaka ukutane na kijani na ukate hapo. Ukifika kwenye udongo bila kukutana nayo, mmea umekwisha. Na kama mizizi imeoza yote lakini matawi bado yana uhai, usiendelee kuuguza shina lile: kata vipandikizi vya urefu wa kiganja, ondoa majani ya chini, vichomeke kwenye mchanga wa mtoni wenye unyevu kivulini. Haibiskasi na yasmini huota mizizi kwa wiki chache. Bogenvilia ni mvivu zaidi, chukua tawi nene kama penseli na uchomeke vipandikizi vitano sita kwa pamoja, kwa sababu si vyote vitakavyoshika.